Daftari la maamuzi: pampu 88, mabomba ya kutosha pampu 24

Wiki ya 1, Jumatatu

Tumeanza. Tuna pampu za mkono 88 katika kata tano nje ya Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, zote za aina ya U2, ile inayoitwa pia India Mark II. Zote zina mabomba ya mabati yaliyofungwa kabla Wizara ya Maji na Mazingira haijasimamisha matumizi yake. Fedha tulizopewa zinatosha kununua seti 24 za mabomba ya chuma kisichoshika kutu, yale ambayo mafundi wanayaita stenlesi. Kazi yangu kubwa ni kuchagua hizo pampu 24. Mengine yote ni kufungua nati na kufunga nati.

Leo asubuhi nimenunua daftari la jalada gumu pale sokoni. Kila uamuzi mzito utaandikwa humo siku ileile, kabla matokeo hayajaonekana: tumeamua nini, kwa sababu gani, tumekataa nini, natarajia kitokee nini, nina uhakika kiasi gani kwa kumi, na lini nitarudi kuangalia.

Chanzo cha daftari hili ni kisima kimoja cha shule. Miaka kadhaa iliyopita niliidhinisha mabomba ya mabati pale, na haikupita miaka miwili maji yakaanza kutoka mekundu. Mwalimu mkuu aliponiuliza kwa nini nilichagua mabati, nilimjibu kwa moyo mweupe kwamba hatukuwa na vipimo vya maji. Usiku nikapekua barua pepe zangu za zamani. Vipimo vilikuwepo: pH 5.8, yaani maji yenye asidi; namba ikishuka chini ya 7, asidi inapanda. Nilivipokea wiki mbili kabla ya kutia saini. Sikukusudia kumdanganya yule mwalimu. Kichwa changu kilikuwa kimeshajishonea maelezo yanayonifaa, nami nikayavaa bila kujua. Tangu siku ile siiamini kumbukumbu yangu katika mambo ya kazi. Naiamini karatasi yenye tarehe.

Wiki ya 1, Alhamisi

Timu imekamilika. Fundi wetu mkuu ni mzee aliyeanza kuvuta mabomba kutoka visimani nikiwa bado shule ya msingi. Dereva ni mtu wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Mtunza stoo ni Mualur wa Zombo, nami ni Mnubi wa hapahapa Arua. Kiswahili ndicho kinachotukalisha meza moja.

Nimepitia vitabu vya matengenezo vya miaka miwili. Kuna pampu 31 zilizoharibika vibaya, yaani mabomba kutoboka au kukatika, ama pampu kusimama zaidi ya wiki moja. Kati ya hizo 31, pampu 23 zina umri wa zaidi ya miaka 15. Nimechora mchoro wa nguzo mbili, moja ndefu na moja fupi, nikaona jibu limejileta lenyewe.

Uamuzi namba 1: seti za stenlesi ziende kwa pampu kuukuu zilizokwisha kuharibika, 23 kwa jumla, na moja ibaki akiba. Uhakika: 9 kwa 10.

Wiki ya 2, Jumanne

Nimewaonyesha wenzangu mchoro barazani, kabla ya chai. Mtunza stoo akatikisa kichwa kukubali. Dereva akauliza barabara zikoje huko. Mzee fundi akautazama mchoro kwa muda mrefu, akauweka magotini, akasema:

"Injinia, hizi ni zile zilizokufa. Zile zilizo hai umeziandika wapi?"

Nikamwambia zile nzima hazihusiki, maana tunatafuta sababu ya kuharibika.

"Binti yangu, mimi kule kwetu nina pampu ina umri kama wa mwanangu wa kwanza, na bomba lake likitoka linang'aa. Pampu kuukuu ziko nyingi huku. Ukihesabu wagonjwa katika kijiji cha wazee, utasema uzee ndio ugonjwa."

Sikuwa na jibu. Chai ilipoa mbele yangu. Nilikuwa nimehesabu kuukuu zilizoharibika bila kuuliza kuukuu ni ngapi kwa jumla.

Jioni nilirudi kwenye jambo nililolisoma chuoni na ambalo nilidhani nimelielewa. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, waliotengeneza roketi za kusukumia chombo cha anga cha Challenger, walizungumza kwa simu na wakuu wa NASA, shirika la anga la Marekani. Walihofu kwamba baridi ya asubuhi itakayofuata ingeifanya ile mipira ya kuzibia maungio ya roketi iwe migumu na kushindwa kuziba. Walipendekeza chombo kisirushwe. Baada ya mabishano, viongozi wa kampuni waligeuza pendekezo hilo. Kesho yake Challenger ilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba wakafa.

Lililonishika leo ni takwimu zilizozungumzwa usiku ule. Waliangalia safari ambazo mipira ilipata madhara, na kati ya hizo zilikuwemo za siku za baridi na za siku za joto. Ukizitazama hizo peke yake, huoni kwamba joto au baridi lina neno. Tume iliyochunguza ajali ikaziweka mezani safari zote, pamoja na zile zilizorudi bila dosari. Hapo picha ikabadilika: safari zote nne zilizoruka katika nyuzi 63 za Fahrenheit au chini yake, yaani kama 17 za Selsiasi, zilikuwa na madhara kwenye mipira. Kati ya safari 20 zilizoruka katika nyuzi 66 au zaidi, ni tatu tu zilizopata madhara. Jibu lilikuwa limelala ndani ya safari zilizorudi salama.

Mzee fundi hajapata kusikia habari za Challenger. Aliniuliza swali lilelile kwa maneno yake.

Uamuzi namba 2: tusimamishe ununuzi kwa wiki mbili na nusu, twende kwenye pampu zote 88. Bosi hakufurahi. Nimeandika hilo pia.

Wiki ya 3

Kila siku pampu tano au sita. Kwa kila pampu tunaandika umri, kina, idadi ya jerikeni kwa siku kwa makadirio ya mlinzi wa pampu, pH, na jaribio la mabakuli.

Jaribio la mabakuli nalieleza kirefu kidogo, kwa sababu halihitaji maabara. Unafika alfajiri kabla mtu hajagusa mpini. Bakuli jeupe la kwanza unalijaza kwa maji ya mwanzo kabisa, yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha. Kisha mnapampu mfululizo hadi maji yote yaliyokuwa bombani yaishe, mnajaza bakuli la pili. Mnaendelea, baadaye la tatu. Kama mabakuli yote matatu yana wekundu uleule, chuma kinatoka ardhini, na kubadilisha bomba hakutasaidia. Kama la kwanza ni jekundu na la tatu ni safi, basi bomba lenyewe ndilo linaloliwa. Zinki inayolinda bomba la mabati huyeyuka kwenye maji yenye asidi, halafu chuma kinabaki uchi.

Kwenye kisima kimoja, mama jirani wa pampu alituletea vikombe viwili vya chai kutoka jikoni kwake. Kimoja alikipika kwa maji ya alfajiri na kingine kwa maji ya saa nne. Cha kwanza kilikuwa cheusi kama wino. Majani yaleyale, sufuria ileile. Chuma kikikutana na chai huiwekea rangi ile. Alikuwa akidhani ni majani mabaya, na amebadilisha duka mara tatu.

Wiki ya 3, Ijumaa

Kosa. Vipimo vya pH vya siku mbili vilikuwa vinafanana mno, karibu vyote 6.9. Nilipochunguza, kipimo hakikuwa kimesawazishwa kwa maji ya kusawazishia ya pH 4 na pH 7 tangu Jumanne. Jukumu lile ni langu. Pampu 11 zimerudiwa kupimwa, na tumepoteza siku mbili. Katika hizo 11, nne zimeshuka chini ya 6.5. Kwa asiyefanya kazi hii, tofauti ya 6.9 na 5.9 yaweza kuonekana ndogo, lakini kila namba moja ya pH ni mara kumi ya asidi.

Tangu leo mtunza stoo hampi mtu kile kipimo asubuhi kabla hajakiona kikisoma 4 na 7 mbele ya macho yake.

Wiki ya 4, Jumamosi

Namba zimekamilika. Nazinakili kama zilivyo daftarini.

Pampu zenye zaidi ya miaka 15 ni 62, na zilizoharibika ni 23, sawa na asilimia 37. Pampu zenye umri wa chini ya hapo ni 26, zilizoharibika ni 8, sawa na asilimia 31. Kumbe umri karibu hauna neno. Nguzo ndefu ya mchoro wangu ilikuwa ndefu kwa sababu kuukuu ni nyingi.

Sasa pH. Pampu zenye maji ya chini ya 6.5 ni 30, na kati ya hizo zimeharibika 22. Asilimia 73. Pampu zenye 6.5 na kuendelea ni 58, zimeharibika 9. Asilimia 16.

Nimekaa na hizi namba mbele yangu bila kusema kitu. Katika zile pampu 23 za uamuzi wangu wa kwanza, 7 zina maji yasiyo na asidi. Mabomba yao ni mazima. Zilisimama kwa sababu ya mipira ya silinda, kile kifaa cha chini kinachosukuma maji, iliyolika na rodi, vyuma vinavyounganisha mpini na silinda, zilizochomoka kwenye maungio, vitu vya kazi ya siku moja. Ningezipa stenlesi hizo saba, na pampu sita zenye umri mdogo, zilizoharibika kwa asidi, ningeziacha ziendelee kunywesha watu kutu.

Uamuzi namba 5: stenlesi kwa zile 22 za maji ya asidi zilizoharibika, na mbili kati ya nane za maji ya asidi ambazo bado ni nzima, zile zenye pH ndogo kuliko zote: 5.4 na 5.6. Uhakika: 8 kwa 10. Mzee fundi hakubaliani na hizo mbili za mwisho. Anasema bomba lisilokatika lisiguswe, na seti hizo zibaki akiba. Hoja yake nimeiandika chini ya yangu, kwa maneno yake, tuje kuona.

Wiki ya 5, Jumatatu

Siku ngumu kuliko zote hadi sasa.

Pampu namba 37 ilikuwa kwenye orodha ya kwanza, nami nilikuwa nimefanya kosa la kumwambia mwenyekiti wa LC I, baraza la kijiji, kabla orodha haijakomaa. Habari ikafika kwenye kamati ya maji. Leo nimekwenda kuwaambia kwamba hawapati stenlesi. Nilikwenda mwenyewe, sikutuma dereva.

Mama Mwenyekiti wa kamati alitukaribisha chini ya mwembe, akatuletea maji kwanza. Akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Binti yangu, mlikuja mkatuandika. Leo mmekuja kutufuta. Nitawaambia nini wenzangu waliochanga pesa?"

Nilitaka kumweleza asilimia. Mzee fundi akanigusa kiwiko, akatoa kipimo cha pH mfukoni, akamkabidhi yule mama. Akamwonyesha jinsi ya kukitumbukiza kwenye maji ya kusawazishia, kikasoma 7. Kisha kwenye maji ya pampu yake: 7.1. Kisha kwenye chupa ya maji tuliyoyachota asubuhi kwenye pampu ya kilomita sita kutoka pale: 5.7. Akarudia mwenyewe, mara mbili, akiwa ameinamia kile kikombe.

"Hawa wanakunywa haya?" akauliza.

Tukavuta mabomba yake mbele ya kamati nzima. Mita 36, mabomba 12, na kila moja tulilipangusa na kulilaza juu ya magogo waliangalie. Yalikuwa na uchafu lakini ukuta wake mzima. Mipira ya silinda ilikuwa imelika hadi inapita kidole. Tumebadilisha mipira na rodi mbili, na saa kumi jioni maji yakatoka mpini uliposhuka mara ya nne. Hakusema ameridhika. Alisema, "Ikisimama tena, nitakuja Arua mwenyewe, na nitakaa mlangoni pako." Nimeandika: natarajia pampu 37 ifanye kazi mwaka mzima bila kusimama. Uhakika 8 kwa 10.

Wiki ya 6

Seti 24 zimefika. Kabla ya kufunga ya kwanza tulikaa barazani, nikawaomba wenzangu wafikirie kwamba miezi sita imepita na kazi yetu imeshindwa kabisa, kisha kila mtu aseme imeshindwa kwa nini. Gary Klein, mtafiti wa Marekani wa jinsi watu wanavyoamua, aliieleza njia hii mwaka 2007, na mimi naipenda kwa sababu inampa mtu mdogo ruhusa ya kusema jambo baya bila kuonekana anapinga kazi.

Mtunza stoo: klempu tulizonazo ni za kushikia mabomba ya mabati, zinabana vibaya stenlesi, bomba litateleza lidondoke kisimani. Dereva: mvua zikianza, njia mbili hazipitiki na pikapu yenye mzigo. Mzee fundi: mabomba ya zamani yaliyolika yatakatika tukiyavuta, na hatuna chuma cha kunasia kilichodondoka. Mimi nilikuwa na hofu ya fedha peke yake.

Matokeo: klempu mpya nne, ratiba ya njia mbaya imetangulizwa mbele, na chuma cha kunasia kimechomelewa mjini kwa mchoro wa mzee.

Wiki ya 7, Alhamisi

Pampu namba 17. Bomba la nane lilikatika tukiwa tumekwisha kutoa saba. Ulisikika mlio mfupi kama wa kijiti kikavu, kisha kamba ikalegea mikononi. Mabomba matano na silinda vikarudi chini.

Ule mwisho uliobaki juu ulikuwa na ukuta mwembamba kama wa kopo la maziwa. Niliubonyeza kwa kidole gumba ukaingia ndani.

Tulinasa kila kitu siku ya pili saa sita mchana, kwa chuma kile cha kunasia kilichochomelewa mjini. Bosi alipopiga simu aliuliza nani alifanya uzembe. Nilimsomea daftari: uwezekano wa bomba kukatika, 3 kwa 10, kifaa kimeandaliwa, siku mbili za akiba zimetengwa. Tulivuta kwa utaratibu sahihi, tukapata bahati mbaya tuliyoiwekea akiba. Alinyamaza kidogo, akasema sawa. Bila ukurasa ule, naamini mzee wa watu angepewa onyo la maandishi.

Wiki ya 8

Wageni wanakuja Jumamosi kukabidhiwa pampu, na iliyochaguliwa ni namba 52, ambayo sakafu yake ya zege tumeimwaga Jumanne. Zege huhesabiwa kufikia nguvu yake ya usanifu siku ya 28, na angalau siku saba za mwanzo linatakiwa lifunikwe na kumwagiliwa. Siku ya nne huwezi kusimamisha umati juu yake.

Ubishi ulikuwa juu ya kuvumilia au kutovumilia hiyo hatari, na ulichukua saa nzima. Dereva ndiye aliyeuliza kama ni lazima iwe namba 52. Tarehe ya wageni haibadiliki, lakini mahali panabadilika. Sherehe imehamia namba 49, ambako sakafu ya zamani haikuguswa. Umbali ni kilomita nne.

Wiki ya 11

Seti zote 24 zimefungwa. Mabakuli yamerudiwa kwenye pampu zote 24: bakuli la kwanza la alfajiri ni safi kwenye 22. Mbili bado zina wekundu kidogo katika mabakuli yote matatu. Hizo mbili zina chuma cha ardhini pia, nami nilikosa kuliona wiki ya tatu kwa sababu kutu ya bomba ilikuwa imekifunika. Watahitaji mtambo wa kuchuja, na haumo katika bajeti hii. Nimeanza kuandika maombi.

Leo nimepitia daftari lote. Maamuzi 14. Mara sita niliandika 9 kwa 10, na kati ya hizo nne zimetokea nilivyotarajia. Mara nane niliandika 6, 7 au 8, na sita zimetokea. Yaani pale nilipokuwa na uhakika mkubwa sikupata zaidi kuliko pale nilipokuwa na shaka. Jambo jingine limenishtua zaidi: mkutano wa umbo la shimo la kunyonyea maji ya kumwagika ulichukua siku tatu, na shimo lile unaweza kulichimba upya kwa jembe. Uamuzi namba 1, ambao ungemaliza fedha yote, ulichukua chini ya saa moja.

Nimeandika upya ukurasa wa kwanza wa daftari lijalo. Mstari mpya uko juu kabisa: je, jambo hili likishafanyika linarudishika? Chini yake: zile nzima ziko wapi?

Zimebaki pampu sita zenye maji ya asidi ambazo hazikupata bomba. Walinzi wao wamepewa mabakuli meupe na simu ya mzee fundi, na watafanya jaribio kila mwanzo wa mwezi. Nimeandika: natarajia moja kati ya sita itatoboka kabla ya Krismasi, na naihofia zaidi namba 80. Uhakika 6 kwa 10. Mzee anasema itakuwa namba 66, kwa sababu watu wake huanza kupampu usiku wa manane na bomba halipumziki. Jibu lake liko kwenye mstari wa chini yangu. Jumatatu tunaanzia kwenye namba 66 yake.